Swali la Mama Barazani

Treni iliniteremsha Kigoma asubuhi, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika ziwani mwaka 1914, na jioni ya siku hiyohiyo, tukiwa tumeketi barazani katika mtaa wa Mwanga, mama aliniuliza swali ambalo hakuna profesa aliyewahi kuniuliza: “Mwanangu, kwani Wamarekani hawajui Kiingereza hadi uende wewe kuwafundisha kukiandika?”

Nilikaa Marekani miaka saba nikisomea shahada ya uzamivu. Kama ilivyo kwa wanafunzi wengi wa ngazi hiyo huko, nilisamehewa ada na kulipwa posho kwa sababu nilifundisha somo la uandishi, ambalo vyuo vikuu vingi huwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisome. Harvard ililiweka katika mwaka huo tangu 1885. Nilikuwa na madarasa mawili yenye wanafunzi 22 kila moja, na kila mwanafunzi aliandika insha nne kwa muhula, kila insha kwa rasimu mbili. Hizo ni rasimu 352, na tasnifu yangu mwenyewe ilisubiri usiku wa manane.

Mwanzoni nilisahihisha kama nilivyosahihishwa sekondari, kwa wino mwekundu uliopigia mstari kila kosa. Wanafunzi walirekebisha koma, kisha wakanirudishia mawazo yaleyale. Mwalimu aliyetusimamia alinishauri niweke kalamu chini, nimwite kila mmoja kwa dakika 15, nimuulize alitaka kusema nini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vijana wale lugha waliijua vizuri, ila walikuwa hawajakutana na msomaji anayengoja jibu lao kwa dhati. Nilisoma pia azimio la mwaka 1974 la chama cha walimu wa uandishi vyuoni, linalotetea haki ya mwanafunzi kutumia lugha aliyokulia nayo, nikakumbuka kibao tulichovishwa shingoni shuleni kwa kosa la kuzungumza Kiswahili. Jambo hilo bado linaniuma.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mpwa wangu, aliye kidato cha pili, alete daftari lake. Insha yake ya Kiswahili ilianza hivi: “Uvuvi ni uti wa mgongo wa uchumi wa taifa letu.” Mwishoni palikuwa na alama chache na neno moja, “Jitahidi.” Sikugusa kalamu. Nilimuuliza kwa nini baba yake, anayevua dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, haendi ziwani siku za mbalamwezi.

“Mjomba, hata hilo ni la kuandika?”

Nilimwambia aendelee. Akaeleza, bila kusita hata mara moja, kwamba dagaa hufuata taa za wavuvi gizani, na mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote huwa na mwanga, kwa hiyo taa haiwavuti tena. Akaeleza jinsi nyavu zinavyoshonwa siku hizo, na jinsi mama yake anavyochukua unga dukani, ukaandikwa kwenye daftari la madeni. Nilimwomba ayaandike kama alivyoyasema, asiongeze hata neno moja la kupamba.

Kabla ya kulala aliniletea rasimu ya pili. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: “Mwezi ukiwa mkubwa, baba hulala nyumbani na sisi hula kwa deni.”