Bacula ilipokataa kuweka lebo kwenye tepu ya zamani: jinsi nilivyotatua

Jamani, nimepumua. Siku mbili nzima Bacula, programu ya kuhifadhi nakala za data, ilikuwa inakataa kuipa lebo mpya (jina la kuitambulisha) tepu ya LTO, yaani tepu ya kuhifadhia data, iliyowahi kutumika, ikidai tayari ina lebo ya Bacula. Nilifuta rekodi yake kwenye katalogi (hifadhidata ya Bacula), nikaanzisha upya huduma zote, nikajaribu jina lingine. Wapi!

Lebo imeandikwa mwanzoni mwa tepu yenyewe, kwa hiyo kufuta katalogi peke yake hakutoshi. Kwanza hakikisha data yake huihitaji tena. Ndani ya bconsole (sehemu ya kuandikia amri za Bacula) andika unmount, la sivyo draivu itakujibu iko bize. Kisha, kwenye terminali, rudisha tepu mwanzo (rewind) na uandike alama ya mwisho wa faili juu ya lebo (weof):

mt -f /dev/nst0 rewind
mt -f /dev/nst0 weof

Hiyo rewind ndiyo niliyokuwa naruka. Kifaa cha nst0, yaani draivu ya tepu, hakirudishi tepu mwanzo chenyewe. Nilikuwa nimeisogeza mbele nikiikagua, basi weof yangu ikaandika alama katikati na lebo ya zamani ikabaki salama kule mwanzo. Niliporudisha kwanza, amri ya label ilikubali mara moja. Rekodi ya jina la zamani, kama bado ipo kwenye katalogi, iondoe kwa delete volume, halafu mount.