Mikweche Kwenye Nyika ya Lüneburg

Tulikuwa tunakwenda Undeloh, kijiji cha Ujerumani kando ya nyika ya Lüneburg, kwenye mkutano wa wapenda magari ya zamani. Kutoka Hamburg kwa barabara kuu ya A7 hata saa nzima haiishi. Shemeji, Mjerumani aliyemwoa dada yangu, akakataa katakata. Volkswagen Beetle yake haina haraka, akasema, na malori hayana huruma. Tukapita vijijini, madirisha wazi, injini ikitupigia kelele mgongoni.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, nyika ya Lüneburg imegeuka zambarau. Vichaka vyake havifiki magotini, vimejaa viua vidogo mpaka macho yanapoishia. Kondoo wa huko, Heidschnucke, wenye manyoya ya kijivu na nyuso nyeusi, ndio wanaoitunza: wasingetafuna miche inayochipua, msitu ungeshairudia. Kichekesho ni kwamba wapenda magari hukutania mlangoni pa hifadhi isiyoruhusu magari. Ukitaka kufika Wilsede, katikati ya nyika, ni miguu, baiskeli au gari la farasi. Basi mikweche ikapangwa uwanjani kando ya kijiji, na farasi wakapita bila hata kuitupia jicho.

Magari mengi yalikuwa na herufi H mwishoni mwa namba ya usajili. Hiyo hupewa gari lililotimiza miaka 30 na ambalo halijabadilishwa sana tangu litoke kiwandani; kodi yake ya mwaka haifiki euro 200, injini iwe kubwa au ndogo. Kwetu gari la umri huo bado linabeba magunia ya mkaa.

Nilikawia kwenye Trabant, gari dogo la iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Bodi yake si bati, imetengenezwa kwa mabaki ya pamba yaliyogandishwa na gundi ngumu. Mzee mwenyewe akafungua boneti: tangi la petroli limo humo humo karibu na injini, mafuta yanateremka yenyewe bila pampu. Hakutazama geji. Alichovya kijiti ndani ya tangi, akakiinua juani kama nesi na kipimajoto, akaguna, kisha akaongeza petroli na oili, sehemu moja ya oili kwa 50. Alipowasha, moshi wa buluu ukatutawanya wote.

Halafu nikaiona Peugeot 504, nikawasahau wenyeji wangu. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, lakini ninayoikumbuka mimi ni ile ndefu iliyokuwa matatu ya masafa, abiria wamebanana, mizigo juu, kuelekea Nakuru. Ya hapa viti vyake havikuwa na mpasuko hata mmoja. Nikaufungua mlango na kuufunga, nikarudia, nisikie tu ule mlio wake.

Mwenyewe akaniuliza kama ninaijua.

"Usimwulize," shemeji akadakia, "tutalala hapa."

Nikamsimulia jinsi mafundi wetu walivyokuwa wakifunga salensa kwa waya na safari ikaendelea. Alicheka, ila alichotaka hasa ni spea: je, Nairobi bado zipo? Nikamtajia Kirinyaga Road. Akaomba nimwandikie, herufi moja moja.