Gereji ambayo sikuichora

Papa mmoja, yaani baba mtu mzima, alikuja ofisini na picha kwenye simu: vila nyeupe, gereji iko chini ya ardhi. "Mwanangu, nichoree hii hii." Parseli yake, yaani kiwanja, iko Himbi, hapa Goma, na katikati ina bonde dogo. Kwake bonde lile lilikuwa bahati, kazi ya kuchimba ingepungua.

Mimi nikafikiria mazuku. Wa huku mnajua. Asiyejua: ni kaboni dioksidi inayopanda toka nyufa za lava, nzito kuliko hewa, haina rangi, nayo hulala mashimoni, hasa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mbuzi akishuka humo hapandi tena. Tulirudi kabla ya jua na fundi wangu wa mawe, akashusha taa ya mafuta kwa kamba. Ikazimika kabla haijagusa chini. Akaivuta, akaiwasha, akaishusha tena. Ikazimika. Papa alikuwa amenyamaza kimya.

Basi gereji ikafa bila mabishano. Nikaisogeza nyumba upande wa juu wa parseli, nikaiinua kwa kuta fupi zenye matundu ili upepo wa ziwa upite chini ya sakafu. Bonde tukalizungushia uzio, watoto wasicheze humo.

Tuliyogombania ni plasta. Nilitaka mawe ya lava yabaki wazi, meusi, yachongwe vizuri. Papa akasema jiwe ni la msingi na la uzio, sebule inataka rangi. Namwelewa. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, watu wakajenga juu yake, na jiwe lile likawa la kila asiye na hela ya matofali. Kulionyesha sebuleni ni kama kupokea wageni na ndala. Nilichora ukuta ule mara nne. Mara ya nne nilimpeleka kwa fundi, akamwona akichonga jiwe moja hadi kona ikakaa sawa, akaligusa kwa kidole. Hakusema kitu.

Hela ya simenti aliitoa siku hiyohiyo. Ya mchoro tuliigawa mara tatu, maana "ni karatasi tu, mama".

Nyumba imekwisha. Nje mawe ni meusi jinsi nilivyotaka, sebuleni kapaka plasta na rangi ya maziwa. Malipo ya tatu bado nayangojea.