Mahindi ya Njano

Ukitaka kujua meli gani imefunga gati, ulimtazama baba anaporudi. Siku za saruji alirudi wa kijivu mpaka kope. Siku za mbolea alikohoa usiku kucha, na mama alimtafutia maziwa kama yalipatikana. Siku za mahindi alirudi na vumbi laini masikioni, na punje zimejaa kwenye mikunjo ya suruali.

Ile mikunjo naikumbuka kuliko sura yake ya wakati ule. Suruali ilikuwa ya kaki, imepinduliwa kwa nje chini miguuni, mtindo wa ujana wake. Kabla hajaingia ndani, mama alitandika khanga kuukuu uani, na baba alisimama juu yake akakung'uta mguu mmoja, kisha wa pili. Zilidondoka punje nane, kumi, siku nyingine ishirini. Kuku wetu wawili walishaijua saa hiyo, walikuwa wanasubiri hata kabla khanga haijatandikwa.

Tulikaa Shimo la Udongo, Kurasini, Dar es Salaam, chumba na ukumbi vya kupanga, upande ule ambao usiku unasikia mabehewa yakigongana. Baba alikuwa kuli bandarini, kibarua wa kutwa. Alfajiri walijipanga getini, nyapara akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Aliyeachwa alirudi nyumbani, na watoto wake walijua kwa namna alivyofungua mlango.

Nazungumzia mwaka 1984. Waziri mkuu Sokoine alikuwa amefariki Aprili kwa ajali ya gari, na vita dhidi ya wahujumu uchumi aliyoiongoza mwaka mmoja nyuma ilikuwa bado midomoni mwa watu. Watu walikuwa wamekamatwa kwa sukari, kwa sabuni, kwa vitenge. Wengine walitupa mali usiku wasikutwe nayo. Sabuni tulikata kipande kwa uzi. Unga ulipatikana kwa foleni na karatasi ya balozi wa nyumba kumi, nao ulikuwa wa njano, wa mahindi yaliyokuja kwa meli kutoka ng'ambo. Mji mzima uliuita Yanga, kwa ile rangi ya jezi. Mashabiki wa Simba nao waliula, wangefanyaje.

Sisi watoto tulikuwa na bandari yetu wenyewe, nje ya ukuta. Shaba ya Zambia ilipita mbele ya macho yetu kwenye mabehewa na hatukuijali, maana hailiwi. Tulichosubiri ni malori ya mahindi. Yalitoka getini yamejaa magunia, mengine yametoboka, na yalipofika kwenye kivuko cha reli yalilazimika kupunguza mwendo. Tairi za mbele zikipanda reli, lori zima lilitikisika, na mahindi yakachuruzika kwenye nyufa za ubao wa nyuma kama maji. Lori likishapita tu, tuliingia barabarani na mafagio ya chelewa.

Jumamosi hiyo nilikuwa na foronya ya mto niliyoichukua bila kuomba. Nilikuwa na miaka kumi. Malori yalipita mengi kuliko siku zote, na mpaka saa nane foronya ilikuwa imefika nusu, nzito hata kuibeba begani ni kazi. Ndipo mgambo wawili wakatokea nyuma ya mabehewa. Tulitawanyika. Mwenzangu mmoja, mdogo kuliko mimi, aliachia ndoo yake akakimbia analia. Mimi sikuachia. Nilipita vichochoroni, nikaruka mtaro, foronya ikinigonga mgongoni, na moyoni nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo sijui niifananishe na nini. Nilikuwa napeleka chakula nyumbani, kama mwanamume.

Mama aliitazama foronya, akanitazama mimi. Hakuuliza. Alichukua ungo akakaa kwenye kibao, akaanza kupepeta. Nilichuchumaa pembeni kuchambua. Mlikuwa na kokoto za reli, vipande vya mkaa, kifuniko cha chupa ya bia, na punje nyingine zimeshika mafuta meusi ya gari zinanuka dizeli hata baada ya kuoshwa maji matatu. Mama alizitenga hizo, akazinusa moja moja, nyingine akazirudisha upande wa nzuri. Alikuwa anaimba kwa pumzi, bila maneno. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu mwezi wa Ramadhani.

Baba alirudi baada ya magharibi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasimama juu ya khanga. Kabla hajaanza kukung'uta, macho yake yalikwenda kwenye ungo.

"Haya yametoka wapi?"

"Barabarani, baba. Kwenye reli. Yalidondoka."

Aliinama akachota konzi moja, akaiacha ipukutike taratibu kati ya vidole. Nilidhani atanisifu.

"Mtu akiingia humu akiyaona," alisema kwa sauti ya chini, akimtazama mama na siyo mimi, "nani atamwamini mtoto? Hii nyumba ya kuli. Watasema nimeyatoa melini."

Mama alisema yameokotwa, mtaa mzima umeona. Baba akamkumbusha jirani yetu wa nyumba ya tatu, aliyekutwa getini na sukari ya kujaa kikombe imefungwa kwenye leso. Tangu siku hiyo kidole cha nyapara hakikumwelekea tena. Mama akanyamaza. Akainua ungo, akayamimina mahindi yote kwenye foronya, hata yale ya dizeli.

Tulitoka usiku, baba na mimi, foronya ikiwa chini ya shati lake la kazi. Mchana kutwa alikuwa amepokea magunia ya karibu kilo 100 mgongoni, na sasa ule mzigo wa mtoto ulimfanya atembee amejikunja kama mgonjwa. Kwenye kivuko cha reli alisimama mpaka giza likatulia. Akapiga goti, akayamwaga katikati ya reli mbili polepole, akiyasambaza kwa kiganja yasionekane kichuguu. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nilimchukia, na niliendelea kumchukia kwa muda mrefu, kwa sababu niliona anaogopa na nilikuwa sijui kwamba baba anaweza kuogopa.

Kurudi alinishika mkono. Hakuwa mtu wa kushika watoto mikono. Kiganja chake kilikuwa kigumu, na katikati yake, palipokuwa pakikaa kishikio cha kulabu ya magunia, palikuwa na sugu laini, nyororo kabisa, kama kisigino cha mtoto mchanga. Nilikipapasa kwa kidole gumba njia nzima.

Foronya alirudi nayo. Mama aliipokea, akaigeuza ndani nje, akaipukutisha kwa kuku gizani.

Nilishtuka usingizini nikaona kibatari bado kinawaka. Mama alikuwa amekaa chini na suruali ya kaki mapajani, anafumua mikunjo kwa wembe, uzi mmoja mmoja, na kila alipofungua kunjo alipitisha kidole ndani na kutoa punje. Alizipanga sakafuni mstari. Baba alikuwa amelala ametazama ukutani, lakini hakuwa anakoroma.

Alfajiri aliivaa. Ilikuwa imeshuka, inamfika chini ya visigino, na pale palipokuwa na mikunjo palikuwa na kaki mpya, nyeusi zaidi kuliko suruali nzima, kama ilivyotoka dukani. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akishuka kuelekea getini na wenzake, na ule ukanda wa kaki mpya niliuona miguuni kwake mpaka alipopita nyuma ya mabehewa.