Pini Isiyoshikwa na Kitu

Karakana ninayofanyia kazi hapa Lubumbashi huunda upya vipuri vya mashine za migodi ya shaba, na mimi ndiye ninayevipima kwa kompyuta kabla chuma hakijakatwa. Kilichonitesa zaidi ni kishikio cha ndoo ya kuchimbia: sahani mbili zenye matundu, na pini iliyopita ndani yake, ikiwa na mwanya wa milimita 0.2 kila upande. Programu ya Abaqus, ambayo hukokotoa jinsi kipuri kinavyobeba mzigo kwa kuuongeza kipande kwa kipande, ilikipunguza kipande cha kwanza cha mzigo mara tano, kisha ikaacha kazi.

Nilianza kwa kubahatisha. Nikaanza na mzigo mdogo zaidi, nikaukaza wavu wa elementi, yaani vipande vidogo ambavyo programu hukigawia kipuri, kwenye sahani, na hesabu ikawa nzito bila kutulia. Siku mbili zikaisha hivyo, ukiondoa saa ambazo umeme ulikatika.

Ndipo nilipoifungua faili ya ujumbe, ile inayoishia na .msg, nikaisoma kuanzia juu. Kosa la mwisho lilisema tu kwamba majaribio yamezidi. Habari yenyewe ilikuwa katika onyo la kwanza: nodi moja ya pini, yaani pointi ambapo elementi hukutana, haikuwa na ugumu wowote wa kuizuia, na nodi za pini hiyohiyo ndizo zilizotajwa, kila hesabu iliporudiwa, kuwa na nguvu isiyosawazishwa (tofauti kati ya mzigo na nguvu za ndani za chuma) kubwa kuliko zote. Nilipokokotoa mitetemo asilia ya modeli, masafa ya kwanza yalikaribia sifuri, dalili ya kipande kilicho huru, na picha ikaonyesha pini ikijizungukia. Maadamu mwanya ulikuwa wazi, hakukuwa na kitu cha kuishika. Niliizuia isizunguke, nikaongeza hatua ya awali ya kuisogeza mpaka iguse tundu, na baada ya hapo tu nikaitwika mzigo.

Hesabu ilifika zaidi ya nusu ya mzigo, ikasimama tena, ila safari hii nguvu zisizosawazishwa hazikuwa mbali na kikomo cha kawaida cha programu, asilimia 0.5 ya wastani wa nguvu. Nodi zilezile tatu za ukingo wa tundu zilikuwa zikigusa na kuachia kwa zamu, kwa sababu elementi kubwa zililifanya duara liwe na pembe. Kumbe wavu ulihitaji kukazwa pale, si kule nilikohangaika mwanzoni.

Mzee anayesimamia karakana aliniuliza kwa nini nimeizuia pini ambayo kwenye mashine huzunguka. Nilimwonyesha nguvu iliyobebwa na kizuizi hicho, ambayo ilikuwa ndogo mno mbele ya mzigo wa ndoo, ndipo akaruhusu sahani zikatwe.