Lile si kasri, ni shule ya bibi zetu

Jamani nimerudi Unguja baada ya miaka 18, na kilichonivuruga si foleni wala yale majumba ya geti yaliyoota Mbweni mpaka nikapotea njia ya kwetu. Hayo niliyategemea. Kilichonivuruga ni mtoto wa kaka yangu, kijana ana miaka 20, tumesimama kwenye magofu ya hapo hapo Mbweni, kule ufukweni, kuta zimeshikwa na mizizi, bustani ya hoteli imezunguka, ananambia, "Shangazi, hili lilikuwa kasri la sultani, masuria wake ndo walikuwa wanakaa humu." Nikamuuliza nani kakwambia? Dereva wa teksi aliyetuleta akadakia, kila mtu anajua, na yeye kila mgeni humwambia hivyo hivyo.

Usiku ule sikulala.

Nyie mliokulia kule mnajua. Lile lilikuwa shamba lenye nyumba ya Kiarabu, misheni ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, wakalinunua 1871 wakajenga St. Mary's, shule ya wasichana. Wasichana gani? Watoto walioshushwa kwenye majahazi ya watumwa! Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873 lakini biashara iliendelea kwa kificho miaka mingi, ndo mana manowari ya Kiingereza, HMS London, ikawekwa bandarini kuanzia 1874 mpaka 1883, jahazi likikamatwa basi watoto wengine wanapewa misheni, wavulana shule yao ya Kiungani, wasichana Mbweni. Wayao, Wamakua, Wanyasa, wadogo wengine hata kijiji chao hawawezi kukitaja. Wakafundishwa kusoma, kushona, kufua, waliokuwa hodari wakawa walimu wenyewe. Miss Caroline Thackeray alikuwa mwalimu mkuu toka 1877 mpaka 1902, na hata alipostaafu hakurudi kwao, alifia hapa 1926 na kaburi lake liko kanisa la St. John's, hatua chache tu kutoka kwenye hayo magofu. Na nyie wa Masasi, misheni yenu ilianza na watu wa Mbweni hawa hawa, waliofuatana na Askofu Steere mwaka 1876.

Sasa hao wote wamefutwa, wamewekwa masuria.

Misheni ilipoondoka nyumba iliachwa, paa likaenda, sie watoto tulikuwa tunaingia kuokota ukwaju na kutishana majini. Hoteli ilikuja baadae. Mimi sina ugomvi na hoteli, kuta angalau zimesimama, maharusi wakapige picha zao. Ila kasri linapendeza masikioni mwa mgeni kuliko mtoto wa miaka saba aliyetolewa kwenye jahazi anaumwa, na hiyo ndo inaniuma.

Na tusidanganyane, lawama nyingine ni yetu. Bibi yangu, ambaye mamake alisoma mule ndani, sikumsikia hata siku moja kutamka neno mtumwa. Alikuwa anasema "sisi watu wa misheni", ukimuuliza kabila anasema Mnyasa, halafu anaenda kukoroga chungu chake. Unguja ukimwita mtu mtumwa umemtukana yeye na kizazi chake, sasa angesema vipi? Akanyamaza, baba akanyamaza, mimi nikaenda zangu Ulaya nimenyamaza, na dereva wa teksi akaja akaijaza ile nafasi na sultani.

Ukienda usianzie hotelini. Anzia kanisani, pita makaburini taratibu, soma majina, ndo ushuke magofuni. Ukisimama kwenye yale matao jua kwamba mule walikuwa wanaimba watoto ambao hawakumwona tena mama yao. Mtu akikwambia kasri mkatalie pale pale, hata kama wageni wapo, mimi nilimkatalia yule dereva mbele ya mzungu na sijutii. Na mpeleke mtoto wako kabla hajapelekwa na mwengine.

Kijana wangu tulirudi nae makaburini jioni ile ile. Akaniuliza, shangazi, huyo mamake bibi aliitwa nani? Nikamtajia jina la ubatizo. Akasema hapana, lile alilopewa kwao. Nikampigia kaka, kaka akampigia shangazi yetu wa Tanga, ndo mkubwa aliyebaki. Hakuna anaelijua.