Gari kutetemeka nikikanyaga mafuta, nusura ninunue giaboksi

Gari yangu ni Toyota IST toleo la kwanza, injini ya 1NZ, auto ya gia 4. Ilianza kidogo kidogo. Napandisha vilima vya Goba, spidi kama 60 hivi, nikiongeza mafuta taratibu gari inatetemeka kama iko kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, nikiachia mafuta inatulia hapohapo. Kwenye foleni haina shida kabisa, inaunguruma vizuri na taa ya injini haiwaki. Hilo ndo lilinichanganya, maana nilikuwa najua koili (kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) au plagi ikifa gari inamisi, yani silinda moja haichomi mafuta sawasawa, mpaka ikiwa imesimama.

Fundi wa kwanza akaiendesha, tulipofika kwenye mlima akabonyeza kile kitufe cha O/D (overdrive, ukikizima gari haiingii gia ya 4) kwenye leva ya gia, mtetemo ukapungua sana. Akaniambia kaka umeona mwenyewe, hii ni giaboksi, gia ya 4 imechoka. Giaboksi ya used laki 8 na ufundi juu yake. Nikamwamini kwasababu nimeona kwa macho yangu, na wiki mbili mbele nilitakiwa nimpeleke mama Iringa, kwahiyo nikaanza kutafuta hela.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, anaendesha teksi miaka mingi. Aliniuliza swali moja tu, oili ya giaboksi umeitoa ukaiangalia? Tukavuta dipstiki, oili nyekundu safi, hainuki kuungua. Jioni tukaenda barabara isiyo na magari, akaniambia tupande mlima, ikianza kutetemeka ushikilie mafuta palepale alafu gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, taa za breki ziwake tu gari isipungue spidi. Ukigusa breki ile klachi inayofunga toko konveta, yani kile kifaa kinachounganisha injini na giaboksi, inajiachia, kwahiyo kama mtetemo unatoka huko unatakiwa ukate papo hapo. Nikagusa, haukukata. Unaendelea vilevile.

Sasa kwanini O/D ilikuwa inatuliza? Hapa ndo nilielewa jambo ambalo natamani kila mwenye auto alijue. Ukizima O/D gari inarudi gia ya 3, injini inazunguka haraka zaidi na mzigo kwenye kila mpigo unapungua. Gia ya 4 mlimani injini inazunguka polepole huku mafuta yamekanyagwa, hewa inajaa sana kwenye silinda, na mgandamizo ukiwa mkubwa cheche inahitaji umeme mwingi zaidi ili iruke pale kwenye plagi. Koili iliyochoka inaweza kabisa kazi ya foleni, ikipewa mlima inashindwa, umeme unatafuta njia nyingine ya kupita. Kwahiyo fundi aliona kitu cha kweli akakitafsiri vibaya.

Shemeji ana kile kiskana kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinasoma kwenye simu. Taa ilikuwa haijawaka lakini ndani kulikuwa na kodi inayosubiri (kodi ni namba ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari), P0302, yani silinda ya 2 inamisi. Kumbe kompyuta inaweza kuiona hitilafu safari moja ikaihifadhi tu, taa inawasha ikijirudia safari nyingine. Tukazima injini, spana namba 10, tukahamisha koili ya 2 kwenda ya 4 na ya 4 kuja ya 2, plagi hatukuzigusa ili tujue nani mwenye kosa. Tukafuta kodi, tukarudi mlima uleule spidi ileile. Ikaja P0304. Tatizo limehama na koili! Nilishusha pumzi nikakaa kimya muda.

Ila tulivyoichomoa ile koili na kuiangalia vizuri, mpira wake wa chini ulikuwa umelowa oili na umevimba. Gasketi ya tapeti kava, yani mfuniko wa juu wa injini, imekauka kwa umri, oili inashuka kwenye tundu la plagi. Ningeweka koili mpya nikaondoka, baada ya miezi ningerudi palepale. Nikanunua koili moja, gasketi na plagi 4 za iridiamu, tukafyonza oili yote kwenye tundu KABLA ya kufungua plagi isidondokee kwenye silinda. Plagi tulizifunga injini ikiwa imepoa, kwanza kwa mkono, alafu spana kwa kiasi, kichwa cha injini ni aluminiamu, ukikaza kwa hasira unaua nyuzi. Vyote havikufika laki 2.

Kama yako imefika hatua taa ya injini inapepesa huku gari inatetemeka, usiikamue, punguza mafuta na tafuta pa kuegesha. Petroli ambayo haijaungua inaenda kuunguzwa kwenye masega (kile kisafisha moshi) huko kwenye ekzosi, yanapata moto mpaka yanayeyuka, na masega ni ghali kuliko koili mara nyingi tu.

Mama nilimpeleka. Kitonga tulipanda nyuma ya malori, na pale barabara ilipoachia nikaongeza mafuta taratibu kama nilivyokuwa nafanya Goba, mkono kwenye leva nikisikilizia. Gari ikavuta bila kutikisika, mama alikuwa amelala na hakuamka mpaka Ilula.